Soko la Makishi mjini Naha: tathmini ya mlaji asiyekula nguruwe

Mgeni atakayepata nusu siku tu ya kuwafahamu wenyeji wa Okinawa, mkoa wa visiwa kusini mwa Japani, namshauri aitumie katika Soko la Kwanza la Umma la Makishi, katikati ya jiji la Naha. Wengi hukimbilia kwanza Kasri la Shuri, makao ya wafalme wa Ryukyu waliotawala visiwa hivi tangu 1429 hadi Japani ilipoufuta ufalme wao mwaka 1879. Kasri hilo linastahili kutembelewa, ingawa jumba lake kuu liliteketea kwa moto tarehe 31 Oktoba 2019, na kazi ya kulijenga upya imekuwa kivutio chenyewe. Hata hivyo, huko mgeni anapewa habari za wafalme. Sokoni atakutana na watu, atawasikia wakiongea, ataona wanachokula na namna wanavyouziana, na akitaka atakula pamoja nao.

Nilikaa Okinawa kwa mafunzo katika kituo cha JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa, kilichoko Urasoe, mji unaopakana na Naha, ambacho kwa miaka mingi kimewapokea watumishi wa umma kutoka nchi zetu. Kwa sababu hiyo ninapoandika ninawafikiria zaidi Watanzania na Wakenya watakaopelekwa huko baada yangu, ambao wengi wao, wakiwa Waislamu kama mimi au Wasabato, hawagusi nguruwe. Nalisema hili mapema kwa kuwa Okinawa ni nchi ya nguruwe, na soko hili halifichi jambo hilo hata kidogo.

Historia yake inaeleza mengi kuhusu watu wenyewe. Mashambulizi ya ndege ya tarehe 10 Oktoba 1944 yaliteketeza sehemu kubwa ya Naha, kisha vita vya nchi kavu vya 1945, vilivyoua zaidi ya watu 200,000 kwa jumla, vikamaliza kilichosalia. Katika magofu hayo yalizuka magulio ya magendo, ambako watu waliuza chochote walichokiokoa au kukipata kutoka kambi za Wamarekani, na wengi wa wauzaji walikuwa wanawake ambao vita vilikuwa vimewaacha na watoto wa kulea. Soko rasmi lilifunguliwa mwaka 1950. Jengo lililojulikana na vizazi viwili vya wateja lilijengwa mwaka 1972, mwaka uleule ambao Okinawa ilirudishwa Japani baada ya miaka 27 chini ya utawala wa Marekani. Lilifungwa mwaka 2019 kwa uchakavu, wauzaji wakahamishiwa jengo la muda jirani, na jengo jipya la sasa likafunguliwa tarehe 19 Machi 2023. Kuna waliohofia kwamba soko lingepoteza roho yake katika jengo safi lenye taa nyeupe na ngazi za umeme. Mimi sikulijua la zamani, lakini katika hili jipya sikuona dalili ya ubaridi wowote, kwa kuwa meza bado zimebanana, njia ni nyembamba, na muuzaji anazungumza na mteja ana kwa ana bila kioo kati yao.

Mtu wa pwani akiingia upande wa samaki atajikuta nyumbani. Bahari ya Okinawa ni bahari ya matumbawe kama yetu, na samaki wengi waliolazwa kwenye barafu ni jamaa wa wale tunaowanunua Feri, Malindi au Forodhani. Pono wa rangi ya buluu iliyokolea, ambaye wao humwita irabuchaa, humshangaza mtalii wa Ulaya, ilhali Mzanzibari atapita akiangalia bei tu. Chewa mwekundu, akajin kwa jina lao, ndiye anayeheshimiwa kuliko wote na ndiye ghali kuliko wote. Gurukun, ambaye ni mbono wetu, ndiye samaki rasmi wa mkoa wa Okinawa, ni wa bei nafuu, na hupikwa karibu kila nyumba. Kuna pweza, ngisi, kamba wakubwa walio hai ndani ya matangi, na chaza wakubwa ambao nyama yao hukatwa mbele ya mteja.

Kando ya samaki kuna mwani. Zanzibar tunaulima mwani kwa ajili ya kuuza nje na si desturi yetu kuula, kwa hiyo kuona jinsi Waokinawa wanavyouthamini kulinipa mawazo mengi. Umibudoo, mwani wenye vipunje vya kijani vinavyopasuka mdomoni na kutoa maji ya chumvi, huliwa mbichi kwa siki kidogo na sosi ya soya, na kosa kubwa ni kuuweka kwenye friji, kwa kuwa baridi huusinyaza mara moja. Mozuku, mwani mwembamba wenye utelezi, unalimwa hapa kwa wingi kiasi kwamba karibu mozuku yote inayoliwa Japani inatoka Okinawa. Anayefanya kazi na wakulima wa mwani wa Paje au Pemba na akapata fursa ya kufika Makishi, asiondoke bila kuzungumza na wauzaji hawa kuhusu namna wanavyouhifadhi na kuufungasha.

Ununuzi wenyewe una adabu yake. Hapa bei si amri ya mwisho, jambo lisilo la kawaida katika maduka ya Japani, na mteja anayejua kuzungumza hupata alichokijia. Kinachotolewa zaidi kuliko punguzo la bei ni nyongeza, ambayo kwa lugha yao huitwa shiibun. Nilikuwa nimechagua mbono wawili na nusu ya pono. Mama aliyekuwa akiuza, mwenye glavu za plastiki na aproni iliyolowa, aliwapima, akaandika bei, akatupa jicho kwenye pochi yangu, kisha akachota umibudoo kwa mkono na kuumimina kwenye kifuko bila kusema neno. Wauzaji wa aina yake ndio wengi sokoni, wanawake wa makamo na wazee, na hata mtu asiyewajua huwaita obaa, yaani bibi, au neenee, yaani dada. Nilipomwita obaa nikaona uso wake umebadilika. Aliniuliza natoka wapi, akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aone mgeni kutoka Afrika anayejua kununua samaki kwa kumtazama macho na matamvua.

Upande wa nyama ni nguruwe kuanzia kichwa hadi kwato. Ngozi ya uso, inayoitwa chiragaa, hutundikwa au kulazwa nzima ikiwa na masikio na pua, na watalii hujipanga kupiga nayo picha. Sikuipiga, na sikukaa sana upande huo, lakini itakuwa si haki kuupita kwa dharau, kwa sababu mnyama huyu amebeba sehemu kubwa ya kumbukumbu ya watu hawa. Wenyewe husema kwamba hawatupi chochote cha nguruwe isipokuwa mlio wake. Vita vya 1945 vilipowaangamiza nguruwe wa kisiwa, Waokinawa waliokuwa wamehamia Hawaii, ambako kundi la kwanza lilifika mwaka 1900 kufanya kazi katika mashamba ya miwa, walichanga fedha na kununua nguruwe 550 Marekani, wakawasafirisha kwa meli kuvuka Pasifiki hadi Okinawa mwaka 1948. Habari hiyo bado inasimuliwa kwa shukrani, na inasaidia kueleza kwa nini mkoa huu, ambao wana wake wametawanyika Brazil, Peru, Argentina na Marekani, tangu 1990 umekuwa ukiwaalika nyumbani kwa tamasha kubwa kila baada ya miaka michache. Nyama ya kopo ya Spam, iliyoingia na jeshi la Marekani na kubaki, nayo imepangwa kwenye rafu kwa wingi.

Upande wa mboga na bidhaa kavu ndio niliourudia zaidi. Karela, ambayo huku huitwa gooyaa, hukaangwa na tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ngumu ya kienyeji na mayai. Dodoki changa, ambalo sisi tunaliacha likauke ili tujisugulie mwili, hapa hupikwa kwa miso, rojo ya soya iliyochachushwa, nalo ni laini na tamu kuliko nilivyotarajia. Viazi vitamu vya zambarau vina heshima yake, kwa kuwa mbegu ya kiazi ililetwa kutoka China mwaka 1605 na baharia aitwaye Noguni Sookan, ikawaokoa watu na njaa mara nyingi, na kupitia hapa ikaenea Japani. Sukari guru inauzwa kwa mapande, na kila kisiwa kina ladha yake. Wauzaji hukuonjesha bila kuombwa. Kuna pia kombu, mwani wa bahari baridi usioota kabisa Okinawa, uliofika kutoka Hokkaido kwa biashara ya zamani ambayo Ryukyu ilikuwa kiungo chake na China, ukaingia jikoni na haukutoka tena.

Kilichonisimamisha muda mrefu kuliko vyote ni irabuu, nyoka wa baharini aliyefukizwa moshi mpaka akawa mweusi na mkavu kabisa, amenyooshwa au kuviringishwa mduara. Anahusishwa sana na kisiwa kidogo cha Kudaka, ambacho Waokinawa wanakihesabu kuwa kitakatifu na ambako haki ya kumvua ilikuwa mikononi mwa watu wenye nyadhifa za ibada, wakiwemo makuhani wa kike waitwao noro. Katika dini ya asili ya Ryukyu ibada iliongozwa na wanawake, na kuhani mkuu wa ufalme mzima alikuwa mwanamke wa ukoo wa mfalme. Niliyajua hayo kwa kusoma. Mbele ya meza ya irabuu, ambapo bibi mmoja alieleza kwa mikono miwili jinsi anavyochemshwa kwa saa nyingi, niliyaelewa kwa namna nyingine.

Sasa nije kwenye huduma inayolipa soko hili jina lake. Unanunua samaki chini, unapatana na muuzaji apikwe vipi, kisha anapelekwa ghorofani kwenye migahawa, ambako unalipa ada ndogo ya upishi kwa kila mtu juu ya bei uliyolipa chini. Huduma hiyo huitwa mochiage. Ni utaratibu mzuri mno kwa mtu anayechunga chakula chake, kwa sababu unamwona samaki wako mzima kabla hajapikwa na unajua kila kitu kilichomgusa hadi hapo. Sehemu ya pono niliiomba mbichi, ngozi ikiwa imeunguzwa kidogo kwa moto ili ilainike, na sehemu ikaangwe kwa siagi na kitunguu saumu. Mbono walikaangwa wazima kwa unga mwepesi mpaka mapezi na miiba midogo ikawa ya kutafunwa. Kichwa na mifupa vikarudi mwishoni katika supu ya miso. Pono mbichi sitamsifu sana, kwani ni laini bila ladha kubwa, lakini mbono wale ni samaki bora wa kukaanga niliowahi kula nje ya pwani yetu.

Zipo tahadhari, na nazitoa kwa undani kwa sababu hakuna aliyenipa mimi. Kwanza, mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa yamekaangia nguruwe, kwa hiyo anayechunga sana achague mbichi au wa kuchemshwa. Pili, samaki wa kuchemshwa kwa chumvi, mapishi ya wavuvi yanayoitwa maasunii, mara nyingi huongezwa awamori, pombe ya kienyeji inayotengenezwa kwa mchele wa Thailand na kuvu mweusi, iombwe iachwe. Tatu, na hili ndilo litakalowaponza wengi wetu tunaopenda pilipili, ile chupa ndogo iliyo mezani yenye pilipili kichaa nyekundu ndogo ndani ya maji meupe, iitwayo kooreeguusu, si siki. Pilipili hizo zimelowekwa kwenye awamori. Nne, tambi maarufu za soba za Okinawa ni za ngano, lakini mchuzi wake hutengenezwa kwa mifupa ya nguruwe pamoja na samaki mkavu. Mgahawa mmoja, ambao haumo sokoni wala karibu nalo, ulinihakikishia kwamba supu yake ni ya samaki mtupu, kumbe kilichofanyika ni kuondoa kipande cha nyama juu na kuiacha supu ileile. Neno la kusema ni „buta nashi, osake nashi“, bila nguruwe, bila pombe, na ni vizuri kuwa nalo kwa maandishi ya Kijapani. Migahawa ya ghorofani Makishi niliyoijaribu ilisoma karatasi yangu kwa makini, mpishi akatoka jikoni kuuliza, na pale ambapo hakuwa na hakika alisema wazi kwamba hana hakika. Sihitaji huduma bora kuliko hiyo.

Ghorofani huko ndiko nilikosikia lugha yao kwa mara ya kwanza ikiongewa kama lugha ya kuishi nayo. Wao huiita Uchinaaguchi. Inatokana na mzizi mmoja na Kijapani, lakini mtu wa Tokyo akiwasikia wazee wawili wakiiongea haambulii kitu. Mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha lugha sita za visiwa hivi, ya Amami, ya Kunigami, ya Okinawa, ya Miyako, ya Yaeyama na ya Yonaguni, kuwa zimo hatarini kutoweka. Hazikufika hapo zenyewe. Baada ya ufalme kufutwa, shule zilifundisha Kijapani peke yake, na mtoto aliyeteleza akasema lugha ya kwao alivishwa kibao cha mbao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake kwa kosa hilohilo. Msomaji aliyevishwa kibao cha namna hiyo katika shule za Kenya au Tanzania hahitaji maelezo. Mwaka 1945, wakati wa vita, jeshi la Japani lilitoa amri kwamba atakayeongea Kiokinawa achukuliwe kuwa jasusi na aadhibiwe. Wazazi walioyapitia hayo waliwalea watoto wao kwa Kijapani, na siwezi kuwalaumu.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa meza ya jirani pamoja na mjukuu wake, kijana wa sekondari, alimwagiza mhudumu chakula kwa Uchinaaguchi na mhudumu, mwanamke wa miaka ya sitini hivi, akamjibu vivyo hivyo. Mjukuu alielewa, kwa maana alicheka mahali panapostahili, lakini kila alipozungumza alizungumza Kijapani. Bibi aliponiona nasikiliza alinifundisha la kusema kabla ya kula, „kwachii sabira“, na la shukrani, „nifee deebiru“, akanirudishia vokali ndefu mara kadhaa mpaka aliporidhika. Mkoa ulitunga sheria ndogo mwaka 2006 na kuifanya tarehe 18 Septemba kuwa siku ya lugha za visiwa, na Radio Okinawa ilianza kusoma habari fupi kwa lugha ya kienyeji tangu 1960. Juhudi hizo ni za kuheshimiwa. Hata hivyo naamini soko lina uwezo kuliko zote, kwa sababu majina ya samaki, mwani, mboga na vyakula vilivyopikwa tayari ni ya Uchinaaguchi na kila mteja, awe wa Osaka au wa Seoul, analazimika kuyatamka ili apate anachotaka. Ningependa kuona karatasi ya salamu na majina hayo ikitolewa mlangoni kwa lugha kadhaa. Gharama yake ni ndogo, na wazee wa kuiandika wako palepale nyuma ya meza.

Jambo moja zaidi kuhusu matangazo ya chakula cha maisha marefu, ambayo mgeni atayaona kila kona ya Naha. Sifa ya Waokinawa kuishi miaka mingi ilipatikana na kizazi kilichokula viazi vitamu, mboga, tofu na mwani, na nyama kwa sikukuu. Mwaka 2000 wanaume wa Okinawa walishuka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kwa umri wa kuishi, na habari hiyo iliwashtua wengi. Vyakula vya sifa hiyo bado vinauzwa Makishi, upande wa mboga, na kwa bei ndogo kuliko vidonge na unga vilivyofungwa kwenye maboksi ya kung'aa barabara ya Kokusai.

Vichochoro vyenye paa vinavyolizunguka soko vinafaa kwa matembezi, na mahali pa kununua saata andaagii, binamu wa kalimati mwenye ukubwa wa ngumi na sukari guru ndani, ni huko. Muulize muuzaji amekaanga kwa mafuta gani, maana zamani ilikuwa ni ya nguruwe. Kwa vyombo vya udongo na sanamu za shisa, simba walinzi wa paa, tembea dakika chache hadi Tsuboya, ambako ufalme uliwakusanya wafinyanzi mwaka 1682 na ambako karakana bado zipo. Vitu vya bei ya chini kwenye maduka ya zawadi havitoki huko.

Kufika ni rahisi kwa reli ya juu ya Yui, inayoanzia uwanja wa ndege. Shuka kituo cha Makishi na utembee kama dakika kumi. Asubuhi ni bora kwa samaki, na migahawa huwa na nafasi kabla ya saa sita mchana. Soko hufungwa Jumapili ya nne ya mwezi, isipokuwa Desemba, na pia Mwaka Mpya wa kawaida, Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi na siku za Kyuubon, sikukuu ya kuwakaribisha mababu inayoangukia tarehe 13 hadi 15 ya mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, ambayo Waokinawa hawajaiacha. Ukikuta milango imefungwa siku hizo usirudi hotelini. Uliza ni mtaa gani vijana watapiga ngoma za eisa usiku, uende.